Wiki nane katika darasa la kumbukumbu mjini Kisumu: nilicholipia na nilichopata

Darasa hili hufanyika katika ukumbi wa kanisa mtaani Milimani, Kisumu, kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi kwa muda wa wiki nane, na ada yake ni shilingi 4,000 zinazolipwa kwa M-Pesa kabla ya kipindi cha kwanza. Kila kipindi huchukua saa moja na robo. Katika ada hiyo mna daftari la mazoezi, chai na mandazi mawili, pamoja na programu ya simu nitakayoieleza baadaye. Sitalitaja jina la darasa, kwa kuwa kasoro zake nimekwisha kumweleza mwalimu ana kwa ana na baadhi amezirekebisha. Ninachotaka ni mzee mwenzangu, au mtoto anayefikiria kumlipia mzazi wake, aelewe fedha hizo zinanunua nini na hazinunui nini.

Mimi nina umri wa miaka 68, na nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34 kabla ya kustaafu. Siku moja katika mkutano wa chama niliombwa kumtambulisha mwenzetu ambaye tumechangiana naye kwa miaka 11, na jina lake likanikataa. Nilijua ana watoto wangapi, nilijua anauza mitumba Kibuye, nilijua hata mwaka aliofiwa na mumewe, lakini jina halikuja, mpaka akalitaja mwenyewe kwa upole. Usiku ule sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilikwenda kupimwa shinikizo la damu, sukari, tezi ya thairoidi na vitamini B12, nikaulizwa na maswali ya kumbukumbu, na daktari akaniambia kwamba sina ugonjwa wowote isipokuwa umri. Nalieleza jambo hili mapema kwa makusudi. Darasa hili ni la wazee wenye afya. Mtu anayepotea njia ya kurudi nyumbani kwake, au anayeuliza swali lile lile mara tano katika saa moja, anahitaji kliniki kwanza.

Kipeperushi tulichopewa langoni kilikuwa na ahadi tatu katika mstari mmoja: kuimarisha kumbukumbu, kukuza ubongo na kuzuia dimenshia, yaani ugonjwa wa kuharibika kwa akili uzeeni. Nilikikunja nikakitia mkobani, na kiko mezani pangu sasa ninapoandika, kwa sababu ahadi hizo hazina uzito mmoja.

Tulikuwa wanafunzi 17, mdogo wetu akiwa na miaka 60 na mkubwa wetu 81. Mwalimu ni binti aliyesomea saikolojia, na jambo la kwanza lililonifurahisha ni jinsi alivyotuita: Dani, Jaduong', na yule mama wa Bungoma akamwita Kukhu, kila mtu kwa heshima aliyoizoea kwao. Hakutuzungumzia kama watoto wa chekechea, jambo ambalo vijana wengi hulifanya wakiona mvi.

Kiini cha mafunzo ni mbinu ya kale iliyotumiwa na Wagiriki na Warumi kukariri hotuba ndefu. Cicero, msemaji maarufu wa Kirumi, aliihusisha na mshairi wa Kigiriki Simonides, aliyetoka nje ya karamu muda mfupi kabla dari halijaanguka na kuwaponda wageni hata wasitambulike, kisha akawataja mmoja baada ya mwingine kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Unachagua mahali unapopajua vizuri, unapita hapo kwa mawazo, na kila kituo unakiwekea kitu kimoja unachotaka kukikumbuka. Ukitaka kuvipata, unaianza safari upya.

Mimi nilichagua nyumba yangu: lango, tangi la maji, mwembe, baraza lenye cherehani, sebule, jikoni. Katika kipindi cha tatu tulipewa orodha ya vitu 12 vya kununua sokoni. Omena nilizianika juu ya lango zikameta juani. Mafuta ya kupikia niliyamwaga juu ya tangi yakateremka polepole ubavuni. Mayai niliyapanga katika droo ya cherehani, na nilipoifunga nikasikia ganda moja likipasuka. Mwalimu alisisitiza kwamba picha lazima iwe na mwendo, harufu au sauti, kwa maana kitu kilichotulia tu hakina cha kukishika. Nilipofika jikoni kwa mawazo nilikuwa nimevitaja vyote 12, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa furaha, kwa kuwa katika jaribio la siku ya kwanza nilikumbuka maneno saba tu kati ya 20.

Aliyetushinda wote alikuwa mzee wa miaka 73 ambaye zamani alikuwa makanga wa matatu kati ya Kondele na mjini. Yeye hakutaka habari ya nyumba. Alipanga maneno yake kwa steji, akaanzia Kondele, akapita Kibuye, akateremka na barabara ya Jomo Kenyatta hadi Jubilee na kuingia Oginga Odinga, na vituo vidogo vya katikati ambavyo sisi abiria hatuvijui hata majina. Alifumba macho akawa anaigonga meza kwa kiganja, kama alivyokuwa akiigonga bodi ya gari, na kila pigo likatoka na neno. Alipata 20 kati ya 20. Mwalimu alipomuuliza amewezaje, alijibu, "Mwanangu, abiria wa Kibuye ukimpitisha mpaka mjini, huo ni ugomvi. Sikuwahi kumpitisha mtu."

Somo la majina ndilo lililonigusa zaidi, kutokana na aibu ile ya chama. Wanasaikolojia wamejua kwa muda mrefu kwamba ukiambiwa kazi ya mtu utaikumbuka kwa urahisi kuliko jina lake, hata neno likiwa ni lile lile, kwa sababu kazi huja na picha ilhali jina huja peke yake. Hapa kwetu tuna bahati ambayo hatuitumii. Majina mengi ya Kijaluo na ya Kiluhya yana wakati na hali ya hewa ndani yake: Otieno ni wa usiku, Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua kali, Okoth na Wafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa msimu wa mavuno. Mwalimu alitufundisha kumtazama Okoth usoni na kuona matone yakimtiririka mabegani, na kumwona Nekesa akiwa amebeba ungo wa mtama. Katika wiki mbili niliyajua majina ya wenzangu wote 16, na mpaka leo sijayapoteza. Ikiwa ningeambiwa nichague kipindi kimoja tu cha kulipia, ningechagua hicho.

Kwa hiyo ahadi ya kwanza ilitimia, lakini kwa mipaka ambayo kipeperushi hakikuitaja, na mipaka hiyo niliigundua jikoni kwangu. Jumapili moja katika wiki ya sita nilikwenda Kibuye, siku ambayo soko hilo hufurika kuliko siku nyingine zote, nikanunua vitu 12 bila karatasi, wala sikukosa hata kimoja. Nilirudi nyumbani nikakuta moshi. Nilikuwa nimeacha maharagwe kwenye jiko, nikijiambia nitapita kwa jirani nimwombe ayaepue, na kwa jirani sikupita. Sufuria ilikuwa imeungua hadi chini. Nilikaa barazani nikafikiri sana kuhusu jambo hilo. Kukumbuka orodha ni kazi moja, na kukumbuka kufanya jambo fulani wakati wake ufikapo ni kazi nyingine kabisa. Kwa wiki hizo nilikuwa nimeinoa ya kwanza, wala ya pili sikuigusa.

Utafiti mkubwa uliofanywa kuhusu mafunzo ya aina hii unasema jambo lile lile kwa takwimu. Unajulikana kwa jina la ACTIVE, ulifanyika Marekani, na ulihusisha watu 2,832 wenye umri wa kuanzia miaka 65 waliokuwa wakiishi majumbani mwao wakijitegemea. Waligawanywa kwa kura katika makundi manne: kundi moja likafundishwa kumbukumbu, la pili kufikiri kwa mantiki, la tatu kasi ya kuona na kuamua kwa kutumia kompyuta, na la nne halikufundishwa kitu. Mafunzo yalikuwa vipindi 10 tu katika wiki tano au sita. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2002. Kila kundi liliboreka katika kile lilichofundishwa, na halikuboreka katika walichofundishwa wengine. Kinachopaswa kuwekwa mbele ya kila mzee anayelipa ada ni tofauti kati ya makundi hayo: mara tu baada ya mafunzo, asilimia 87 ya waliofundishwa kasi walionyesha maendeleo ya kuaminika, asilimia 74 ya waliofundishwa mantiki, lakini ni asilimia 26 tu ya waliofundishwa kumbukumbu. Walipofuatiliwa baada ya miaka 10, faida ya mantiki na ya kasi bado ilionekana, ila ya kumbukumbu ilikuwa haionekani tena.

Niliposoma takwimu hizo nilisikitika, kisha nikatulia. Asilimia 26 si sifuri. Katika darasa letu tulikuwa 17, na kwa jaribio la mwisho naweza kusema kwamba sita au saba walipanda sana, wengine walipanda kidogo, na wawili walibaki pale pale ingawa hawakukosa kipindi hata kimoja. Mmoja wa wawili hao aliniambia kwamba haoni picha kichwani, yaani akiambiwa aone mwembe wake anajua upo lakini haoni jani hata moja. Mwalimu hakuwa na njia mbadala ya kumpa, akarudia maelezo yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Hapo nilimwonea huruma mama yule, na nafikiri darasa linalochukua ada ya mtu lazima liwe na mlango wa pili kwa asiyeweza kupita ule wa kwanza. Watafiti wa Sweden wakiongozwa na Lars Nyberg waliwahi kuliona jambo linalofanana na hili mwaka 2003, walipowafundisha vijana na wazee mbinu hii hii ya mahali huku wakifuatilia mtiririko wa damu katika ubongo. Baadhi ya wazee walifaidika na wengine hawakufaidika. Na wale waliofaidika walionyesha, sawa na vijana, ongezeko la kazi katika maeneo ya nyuma ya ubongo yanayohusika na kuona na kupanga nafasi, ilhali wasiofaidika hawakulionyesha. Maeneo ya mbele, ambayo kwa vijana yaliongeza kazi wakati wa kuunda picha, kwa wazee hayakuongeza. Sehemu ya mbele ya ubongo ni miongoni mwa zile zinazopungua mapema tunapozeeka, kwa hiyo ugumu huo si uvivu wa mtu wala ukaidi.

Sasa nije kwa ahadi ya pili, ya kukuza ubongo. Mwalimu alitueleza habari za madereva wa teksi wa London, nasi tukamgeukia makanga wetu tukampigia makofi. Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha za ubongo wa madereva 16 waliohitimu, wakakuta kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani kile kiungo kidogo kilicho ndani ya ubongo chenye umbo linalokaribiana na farasi wa baharini na ambacho kumbukumbu mpya hukitegemea, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyokaa kazini miaka mingi ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa. Kuna mtu angeweza kusema kwamba labda walizaliwa hivyo. Kwa hiyo Maguire na Katherine Woollett waliwafuata wanafunzi wa kazi hiyo tangu mwanzo wa mafunzo, na mwaka 2011 wakaripoti kwamba waliofaulu mtihani walikuwa wameongezeka katika sehemu ile, huku walioshindwa na wale ambao hawakusoma kabisa wakiwa hawajabadilika.

Lakini mwalimu hakutuambia sehemu mbili za habari hiyo. Ya kwanza ni kwamba madereva hao husoma kwa miaka mitatu au minne, wakikariri barabara zipatazo 25,000. Darasa letu lilikuwa la saa 20. Ya pili ni kwamba mwaka 2006 watafiti hao waliwalinganisha madereva wa teksi na madereva wa mabasi wa jiji hilo hilo, ambao wana msongo ule ule na usukani ule ule lakini hupita njia chache zilizopangwa, na madereva wa mabasi hawakuwa na tofauti ile ya hipokampasi. Aidha, wale wa teksi walifanya vibaya kuliko wenzao katika baadhi ya majaribio ya kukumbuka michoro mipya. Rafiki yetu makanga, kwa heshima zote, alikuwa mtu wa njia moja. Uhodari wake darasani haukuhitaji ubongo uliovimba mahali fulani. Ulitokana na kuijua barabara ile kama kiganja chake, na huo ulitosha kumpa 20 kati ya 20.

Ushahidi unaowahusu watu wa rika letu ni mdogo zaidi, nao ndio unaopaswa kuwamo katika kipeperushi. Mwaka 2010 Andreas Engvig na wenzake wa Oslo walichapisha utafiti ambamo watu wenye afya, wa umri wa makamo na wazee, walifundishwa mbinu ya mahali kwa wiki nane, muda sawa kabisa na wa darasa letu, kisha wakapigwa picha kwa mashine ya MRI kabla na baada. Ikilinganishwa na wenzao ambao hawakufundishwa, gamba la ubongo wao liliongezeka unene kidogo katika maeneo machache, na walioboreka zaidi katika jaribio la kumbukumbu ndio walioelekea kuongezeka zaidi. Nililisoma jambo hilo mara mbili kwa furaha kubwa, kwa sababu nilipokuwa nikisomea uuguzi tulifundishwa kwamba ubongo wa mtu mzima haufanyi lolote ila kupungua. Hata hivyo naomba msomaji azingatie kwamba picha ya MRI haionyeshi ni nini kilichoongezeka. Huenda ni viunganishi kati ya seli za neva, huenda ni mishipa midogo ya damu, huenda ni seli zinazozitunza zile za neva. Mashine huona unene tu. Kusema kwamba ubongo hubadilika unapouzoeza ni kweli. Kusema kwamba ubongo hukua, jinsi mtoto anavyokua, ni kumpa mnunuzi picha isiyokuwepo.

Kipeperushi pia kilijigamba kwamba watu waliofunzwa mbinu hii walitoka maneno 26 hadi 62 kati ya 72. Nambari hizo ni sahihi, na zinatokana na utafiti wa Martin Dresler na wenzake wa mwaka 2017, ambamo washiriki walijizoeza kwa nusu saa kila siku kwa wiki sita, na mawasiliano kati ya sehemu za ubongo wao yakaanza kufanana na ya mabingwa wa mashindano ya kumbukumbu. Ila walikuwa vijana. Kumwekea mama wa miaka 70 matokeo ya vijana bila kumwambia ni kumfanya ajione ameshindwa wakati ambapo, kwa rika lake, amefanya vizuri. Mimi nilitoka maneno saba nikafika 15 kati ya 20, nami nimeridhika. Nilimwonyesha mwalimu mstari huo, naye ameahidi kuuondoa.

Ahadi ya tatu sina budi kuikataa waziwazi, kwa sababu nimewauguza watu wenye dimenshia na ninajua familia zao zinavyokuwa tayari kulipa chochote. Hakuna ushahidi kwamba mafunzo ya kumbukumbu peke yake huzuia ugonjwa huo. Katika uchambuzi wa mwaka 2017 wa wale washiriki wa ACTIVE, waliofundishwa kasi ndio walioonekana kupata dimenshia kwa kiwango kidogo katika miaka 10; waliofundishwa kumbukumbu hawakutofautiana kwa uhakika na wasiofundishwa. Wenye kuuza mazoezi ya ubongo wamewahi kuwajibishwa kwa maneno ya namna hii: Januari 2016, kampuni inayotengeneza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kwamba inadai bila ushahidi kwamba michezo yake hupunguza au huchelewesha kuharibika kwa akili uzeeni. Sidhani kwamba mwalimu wetu ana nia ya kumdanganya mtu. Nadhani alinakili maneno aliyoyakuta kwingine. Lakini mzee anayeamini kwamba amejikinga kwa shilingi 4,000 anaweza kuacha dawa zake za shinikizo la damu, na hapo ndipo madhara yalipo.

Jopo la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa na ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani, miongoni mwake shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, upweke na kutofanya mazoezi ya mwili. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba darasa letu, bila lenyewe kujua, lilikuwa likifanya mema mengine. Wengi wetu tulifika kwa miguu. Tuliokuwa tukikaa peke yetu majumbani tulipata watu wa kuzungumza nao mara mbili kwa wiki, na baada ya kipindi tulikuwa tunateremka pamoja hadi mjini tukibishana kuhusu maneno tuliyoyasahau. Kuhusu kutembea kuna utafiti wa Kirk Erickson na wenzake wa mwaka 2011: wazee 120 waligawanywa makundi mawili, na wale waliotembea kwa kasi mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2, huku za wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu zikipungua. Barabara haina ada. Nilimshauri mwalimu aanze kila kipindi kwa matembezi ya nusu saa, kisha tuitumie njia ile ile tuliyoipita kuwa njia yetu ya maneno, naye aliliandika wazo hilo kwenye daftari lake.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinaudhi. Kadi za maneno za wiki mbili za kwanza zilikuwa za Kiingereza na zilijaa vitu vya nchi za baridi, theluji na mabomba ya moshi na viatu vya kuteleza juu ya barafu, hata mzee mmoja akauliza kwa haki ataviwekaje barazani kwake vitu ambavyo hajawahi kuvigusa. Baada ya malalamiko mwalimu aliandika kadi mpya kwa mkono: jembe, ngege, leso, mtungi, taa ya chemli. Siku hiyo hiyo alama za darasa zima zilipanda. Programu ya simu haijabadilika; bado ni ya Kiingereza, herufi zake ni ndogo, na kila baada ya dakika chache hukuomba ulipie kiwango cha juu. Niliiondoa katika wiki ya nne, na sioni nilichopoteza. Ukumbi nao una mwangwi, na kwa kuwa hakuna kipaza sauti, waliokaa nyuma walikuwa wakisikia nusu ya maneno. Usipolisikia neno, huwezi kulikumbuka, na mtu anaweza kudhani kichwa chake kimechoka kumbe ni masikio yake.

Jambo ambalo darasa halina kabisa, na ambalo ningelipa nyongeza ili kulipata, ni kipindi cha kurudia. Katika ACTIVE sehemu ya washiriki waliitwa tena baada ya miezi 11 na baada ya miezi 35 kwa vipindi vichache vya kukumbushwa. Sisi tulipewa cheti, tukapigwa picha, tukaagana. Miezi miwili baadaye nilijipima mwenyewe kwa maneno 20 ambayo mjukuu wangu aliyachagua: nilipata 11. Nilianza tena mazoezi ya dakika 10 kila asubuhi kabla ya chai, nikibadilisha njia ili nyumba yangu isijae vitu vya jana, na baada ya wiki tatu nilirudi kwenye 14. Makanga wetu naye alinipigia simu akasema amepungukiwa na maneno manne, naye analaumu ujenzi uliobomoa vibanda vya steji mbili alizokuwa akizitumia.

Kwa mzee mwenye afya, anayesikia vizuri au aliye na kifaa cha kusikia, na anayetaka kukumbuka majina, orodha na nambari za simu, nalipendekeza darasa hili. Kwa anayetafuta kinga ya dimenshia, silipendekezi kwa sababu hiyo. Awamu ijayo itaanza baada ya likizo za shule, na dada yangu anayeishi Ahero ameomba nimlipie. Nimemwambia kwamba fedha zipo, ila kwanza tutakwenda pamoja kliniki Alhamisi hii, akapimwe masikio na shinikizo la damu, na siku ya kwanza nitaingia naye ukumbini nimtafutie kiti cha safu ya mbele.